Mtoto akisema "nana" badala ya "dada", usiangalie ulimi, angalia kaakaa

Kwa karibu miaka miwili mpwa wangu alikuwa ananiita "mnyoma". Alikuwa anamaanisha mjomba. Dada yake alikuwa "nana", baba yake alikuwa "mama" na lilikuwa linamuuma shemeji hilo japo hakuwahi kusema, na gari likipita barabarani pale Uyole anakimbilia getini anapiga kelele "ng'ari! ng'ari!" Sisi watu wazima tukawa tunasema huyu ulimi wake mzito, utalainika akianza shule. Bibi yake akashauri akakatwe kale kauzi ka chini ya ulimi. Yaani wote tulikuwa tunaangalia ulimi, na ulimi wa yule mtoto ulikuwa mzima kabisa, shida ilikuwa juu kwenye kaakaa ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumulika na tochi.

Naandika hii kwasababu tangu tulipopita kwenye lile jambo nimekutana na wazazi wengi sana huku kwetu, Mbeya mjini, Tukuyu, Chunya mpaka Makambako, ambao mtoto wao anaongea king'ong'o na wanadhani ndo alivyoumbwa. Na wengine mtoto alizaliwa na mpasuko kwenye kaakaa, ameshafanyiwa operesheni ya kuuziba, tundu limefunga vizuri kabisa, chakula hakitoki tena puani, lakini maneno bado yanatokea puani, wakaambiana basi tena. Siyo basi. Kuziba tundu ni kazi moja, kufanya mlango ufunge ni kazi nyingine, na watu wengi wanaichanganya hii.

Mlango gani sasa. Pitisha ulimi wako juu ya mdomo kuanzia nyuma ya meno. Kwanza pagumu, ni mfupa, hilo ni kaakaa gumu. Endelea kurudi nyuma panakuwa laini, hakuna mfupa tena ni nyama na misuli, na mwishoni kabisa kananing'inia kimeo, au kidaka tonge kama wengine wanavyokiita. Hiyo sehemu laini ndo mlango. Ukipumua umenyamaza mlango umelala, hewa inapita puani. Ukimeza au ukiongea unanyanyuka na kurudi nyuma mpaka unagusa ukuta wa koo, kuta za pembeni nazo zinabana kuja katikati, njia ya kwenda puani inafungwa na hewa yote inatokea mdomoni. Na inafanyika haraka mno, mtu akisema "kibanda" mlango unafunga, unafunguka kidogo kwa ajili ya ile n, unafunga tena, kabla hata hujamaliza kukunja kidole.

Kiswahili kina sauti chache tu zinazotaka mlango uwe wazi, nazo ni m, n, ny na ng'. Basi. Zingine zote zinataka umefungwa. Sasa jaribu kusema "baba" halafu "mama" taratibu ukiangalia midomo yako. Midomo inafanya kitu kilekile, inakutana inaachana, tofauti ni mlango wa nyuma tu. D na n hivyohivyo, j na ny hivyohivyo, g na ng' hivyohivyo, kila moja ina pacha wake wa puani. Mlango ukikataa kufunga b inageuka m, d inageuka n, j inageuka ny, g inageuka ng'. Rudi juu usome tena majina aliyokuwa anatuita yule mtoto. Hakuwa anakosea. Ulimi na midomo yake ilikuwa inaenda palepale panapotakiwa, ni hewa tu ilikuwa inatorokea puani.

P, t, k, s, f, sh na ch hizo zinahitaji presha ya hewa mdomoni, na presha ikivuja zinatoka zimekufa, au zinatoka na mfoko puani kama mtu anapenga kamasi. Hapa kuna kitu kigumu kidogo, naomba ukishike maana tutarudi kwake. Mtoto siyo mjinga. Akiona presha haikai mdomoni anatafuta mahali pengine pa kuikaba kabla haijavuja, anaikaba kule chini kooni, kwahiyo "kaka" inakuwa kama "a'a", unasikia tu koo linakatika katikati. Akishazoea inakuwa tabia, na tabia haikatwi na kisu.

Mafua ni kinyume chake. Mtu mwenye mafua pua imeziba kwahiyo "mama" inasikika "baba", huyo hewa inashindwa kupita pale inapotakiwa kupita. Matibabu yake ni tofauti kabisa, na kuchanganya haya mawili ndo kulituponza.

Kuna kipimo cha nyumbani ambacho sisi tulikuja kufundishwa baadaye. Chukua kioo kidogo, cha kwenye poda kinatosha, kiwe kikavu na cha baridi, na kwetu Julai asubuhi huhitaji hata kukipoza. Kiweke chini ya matundu ya pua halafu mtoto aseme maneno yasiyo na m wala n: papa, pipa, kikapu, kaka, sisi. Kioo kiondoe kabla hajavuta pumzi maana pumzi yenyewe itakidanganya. Kikipata ukungu kwenye maneno hayo, hewa inavuja. Cha pili mbane pua kwa vidole aseme tena "pipa la baba". Kama ghafla linasikika vizuri kuliko pua ikiwa wazi, umeshapata jibu. Hiki siyo kipimo cha kuamulia operesheni, ni cha kukufanya ubebe mtoto uende hospitali ukiwa na cha kueleza.

Sasa kwanini mlango usifunge. Sababu inayojulikana zaidi ni mpasuko wa kuzaliwa. Paa la mdomo linaungana kati ya wiki ya 6 na ya 9 ya ujauzito, wakati mama wengi ndo kwanza wanaanza kujua wana mimba. Pande mbili zinakua zinakutana katikati kama mikono inayokutanishwa, zisipokutana mtoto anazaliwa na uwazi, wakati mwingine na mdomo wa juu nao, ule watu wanaouita mdomo wa sungura. Duniani inakadiriwa mtoto mmoja kati ya 700 hivi anazaliwa na mpasuko wa mdomo, kaakaa au vyote. Kuna vinasaba humo, kuna sigara na pombe wakati wa ujauzito, kuna baadhi ya dawa za kifafa, kuna upungufu wa foliki asidi, na mara nyingi hakuna sababu moja unayoweza kuinyooshea kidole. Mama kucheka mlemavu hakuhusiki. Wala kutembea usiku. Nimeona mama mmoja Mbalizi anamfunika mtoto wake kitenge usoni kwenye bajaji safari nzima kwasababu ya maneno ya namna hiyo kutoka kwa mawifi, na nasema wazi kwamba wanaosema hivyo wanamtesa mtu ambaye hajafanya kosa lolote.

Kinachofichika ni misuli. Kwa mtu wa kawaida msuli wa kunyanyua kaakaa laini unatoka kila upande, wa kulia na wa kushoto inakutana katikati kama kamba za bembea, zikivutwa bembea inapanda. Kwenye mpasuko haina mahali pa kukutana, kwahiyo inapinda kwenda mbele na kujishika kwenye ukingo wa mfupa wa kaakaa gumu. Hapo haiwezi kunyanyua chochote. Daktari akishona ngozi ya juu na ya chini bila kuing'oa ile misuli pale mbele na kuirudisha nyuma ikutane, tundu litaziba lakini mlango utakuwa ni pazia tu limening'inia. Ndo maana mama anakwambia "si walishamshona?" Ndio walimshona. Swali ni kama bembea ilifungwa.

Na kuna mpasuko ambao hauonekani kabisa, huo ndo ulikuwa wa kwetu. Ngozi imefunika vizuri, ukimulika unaona kaakaa zima, ila chini ya ngozi misuli haijakutana. Daktari Calnan wa Uingereza alieleza mwaka 1954 alama tatu za kutafuta: kimeo kilichogawanyika ncha mbili, mstari wa kibluu katikati ya kaakaa laini pale nyama ilipo nyembamba, na kajikato kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa ambako huwezi kukaona ila kwa kupapasa na kidole. Siyo kila mwenye kimeo cha ncha mbili ana shida, wengi wanaishi navyo mpaka uzee. Lakini kwa mtoto anayesemea puani hiyo ni alama kubwa sana. Na huku kwetu watu bado wanawapeleka watoto kukatwa kimeo kwa waganga kwasababu ya kikohozi. Mbali na hatari ya damu na pepopunda, unakuwa umefuta alama ambayo daktari angeiona kwa sekunde mbili.

Kilichotupata sisi ni hiki. Alipokuwa na miaka minne mtoto alikuwa anakoroma, analala mdomo wazi, na kuongea kwake kulikuwa kumekaa puani kidogo, kidogo tu. Hospitali moja, jina naliacha, wakaona nyama za puani zimekua wakaziondoa. Kukoroma kukaisha. Lakini baada ya hapo ndo "dada" ikawa "nana" moja kwa moja. Tukaambiwa itapita, na ni kweli kwa watoto wengi inapita ndani ya wiki chache. Kwake haikupita, kwasababu zile nyama zilikuwa zinamsaidia: zimekaa juu palepale kwenye ukuta wa koo, mlango mfupi ulikuwa unazigusa ukapata pa kuegemea. Zilipoondolewa pengo likabaki peke yake. Kwahiyo mzazi, kabla mtoto hajatolewa nyama za puani, omba wamulike na kupapasa kaakaa kwanza, hasa kama akiwa mchanga maziwa yalikuwa yanamtokea puani. Ya kwetu yalikuwa yanatoka. Tulikuwa tunasema kapaliwa.

Aliyegundua alikuwa daktari wa meno, tulimpeleka kwa jino la nyuma. Akamwambia fungua sema aaa, akanyamaza, akaniita nije nione. Ncha mbili. Mtoto ana miaka sita.

Tukafika Dar, kilomita zaidi ya 800 za basi, wakampima na kamera nyembamba inayopita puani. Wanapulizia dawa ya ganzi kwanza, wanahitaji mtoto anayeweza kutulia na kurudia maneno, ndo maana kipimo hiki kabla ya miaka minne hivi huwa ni kazi. Nilikuwa nimesimama nyuma naangalia kwenye skrini. Akaambiwa sema "papa", ule mlango ukanyanyuka, ukaja, ukaja, haukufika. Katikati pakabaki katundu saizi ya punje ya harage, na makamasi yanachemka mapovu pale kila akisema p. Miaka miwili ya kumwambia "sema vizuri wewe", na kitu chenyewe ni kale katundu.

Pengo likishaonekana ndo inachaguliwa operesheni, na hapa pana utofauti mkubwa kwasababu siyo kila pengo linatibiwa kwa njia moja. Kama kaakaa ni fupi kidogo na misuli imekaa vibaya lakini inanyanyuka, wengi wanaanza na njia ya Leonard Furlow, daktari wa Florida aliyeichapisha mwaka 1986. Anakata kaakaa laini kwa umbo la Z upande wa mdomoni, na Z nyingine iliyogeuzwa upande wa puani, halafu anabadilishana zile pembe. Matokeo yake kaakaa linakuwa refu kuelekea nyuma, na misuli inayokuwa imeelekea mbele inalala kwa kukingama, upande mmoja juu ya mwingine, kama inavyotakiwa. Fundi cherehani yeyote aliyewahi kuongeza urefu wa gauni bila kuongeza kitambaa ataelewa. Hii ndo aliyofanyiwa wa kwetu.

Pengo likiwa kubwa na kuta za pembeni za koo zinabana vizuri, kuna njia ya daraja, ya zamani sana, ilianza Ujerumani miaka ya 1870. Wanachonga ukanda wa nyama kwenye ukuta wa nyuma wa koo, wanauacha umeshikilia upande mmoja, wanaushona kwenye kaakaa laini. Katikati panakuwa pameziba moja kwa moja, pembeni yanabaki matundu mawili ya kupumulia, mtoto akiongea kuta za pembeni zinayabana. Na kama kuta za pembeni ndo zimelala hazisogei, daraja halitamsaidia sana, kuna njia nyingine ambayo Hynes wa Sheffield aliieleza mwaka 1950: wanachukua vipande viwili vya nyama nyuma ya mafindofindo, kulia na kushoto, wanavikutanisha nyuma ya koo kuwa kama mdomo wa mfuko uliopunguzwa. Pengo dogo kabisa wengine wanalijaza kwa mafuta ya mwili wa mtoto mwenyewe. Na mtoto asiyeweza kupewa nusu kaputi anaweza kutengenezewa kifaa cha kuvaa kama meno ya bandia chenye kidude cha duara nyuma cha kuziba pengo.

Hizi mbili, daraja na mfuko, zinafinya njia ya hewa, na hilo ndo la kuuliza sana. Mtoto anaweza kukoroma, na wengine wanakata pumzi usingizini. Kama mtoto tayari anakoroma au ana mafindofindo makubwa, daktari ajue kabla, wakati mwingine mafindofindo yanatolewa kwanza na kovu linaachwa lipone. Pengo likizibwa zaidi ya kiasi mtoto atasikika kama ana mafua daima, na likizibwa kidogo king'ong'o kinabaki. Daktari anatafuta katikati, na ndo maana kipimo kabla ya kisu ni muhimu kuliko jina la operesheni.

Kwa wenye watoto wachanga wenye mpasuko wa wazi: mdomo kwa kawaida unashonwa kuanzia miezi mitatu hivi, kaakaa kabla ya miezi 18, mara nyingi karibu na mwaka. Kuna utafiti mkubwa ulichapishwa mwaka 2023, watoto 558 wa Ulaya na Amerika Kusini wenye mpasuko wa kaakaa peke yake, nusu walishonwa wakiwa na miezi 6 na nusu miezi 12. Walipofika miaka mitano, mlango usiofunga vizuri ulikutwa kwa asilimia 8.9 ya waliowahi na asilimia 15 ya waliosubiri. Siyo kwamba ukampige daktari wako presha afanye mapema, mtoto mdogo hivyo anahitaji wataalamu wa usingizi na vifaa vya uhakika. Inamaanisha usikae nyumbani mpaka awe na miaka mitatu eti akue kwanza. Kinachochelewesha wengi ni uzito. Mtoto mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta ziwa kwasababu hakuna mvuto mdomoni, mkamulie, mpe kwa kikombe au kijiko au chupa laini ya kuminya, akiwa amekaa wima siyo amelala, taratibu, mcheulishe mara kwa mara.

Masikio pia. Misuli hiyohiyo ya kaakaa ndo inafungua kabomba ka kupitisha hewa kwenda sikioni, kwahiyo watoto hawa wengi wana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio na hawasikii vizuri. Asiyesikia s hawezi kuisema. Wapimwe, hata kama wanaitika wakiitwa.

Baada ya operesheni wiki mbili tatu ni vitu laini tu, uji mwepesi, maziwa, mtori uliosagwa. Kwetu msimu wa mahindi ya kuchoma ulikuwa umeanza na yule mtoto alilia kweli, lakini mahindi, miwa na karanga ni hapana, kijiko kisiingie ndani, mrija hapana, kidole mdomoni hapana. Akila apewe maji ya kusukutua. Damu mbichi, homa, au kupumua kwa shida, ni kurudi hospitali saa hiyohiyo.

Halafu sasa ile tabia niliyosema uishike. Mlango ukishafunga, mtoto aliyezoea kukaba hewa kooni ataendelea kukaba, hajui kama presha sasa inakaa. Anafundishwa upya. Kupuliza puto na filimbi, ambako kila mtu atakushauri, hakusaidii kuongea, kupuliza ni kupuliza na kusema ni kusema, mlango ujifunze kwenye sauti zenyewe. Sisi tulifanya dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni: p peke yake mbele ya kipande cha karatasi kitikisike, halafu pa, halafu apa, halafu pipa, mwanzoni pua imebanwa asikie hewa inavyopita mdomoni, kisha imeachwa. Unapandisha sauti moja mpaka kwenye sentensi, ndo unaenda nyingine. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, wa kwetu alikuwa anatusikiliza kwa video ya simu, na ilifanya kazi.

Kwa wa huku nyanda za juu anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, omba daktari wa masikio, pua na koo au wa upasuaji wa kinywa, na ikibidi uandikiwe rufaa kwenda Dar, Muhimbili au CCBRT. Shirika la Smile Train linalipia operesheni za mdomo na kaakaa kupitia hospitali wanazoshirikiana nazo nchini, uliza kabla hujauza ng'ombe. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali nayo uipitie. Kabla ya safari mrekodi mtoto kwenye simu akihesabu na kusema majina ya nyumbani, maana wengi wakifika mbele ya daktari wananyamaza kimya, na rekodi hiyohiyo itakusaidia kulinganisha baadaye.

Mkubwa naye anatibika, nasema kwa wale wenye kijana wa miaka kumi na tano wanaodhani wamechelewa. Mazoezi tu yatakuwa marefu zaidi.

Wa kwetu sasa ana miaka minane. B, d, j na g zilirudi zenyewe mwezi wa pili baada ya operesheni, bila kufundishwa, kwasababu zile alikuwa anazifanya sawa siku zote. P na t zilichukua miezi mitano. S bado, inatoka vizuri kwenye "sisi" inakwama kwenye "sita", na wiki hii yupo kwenye "sisimizi", anaisema akiwa anaosha vyombo na mama yake anamhesabia.